Je, Upendo Unafunika Kutu?



Katika ukurasa huu wa mafundisho tuna desturi ya kuchukua swali moja ambalo waamini wanaulizana nyumbani ao wakati wa salongo, na kulipima pamoja mbele ya Mungu. Mara hii swali limetoka kwa mama mmoja wa kikundi cha maombi. Aliuliza hivi: "Nikiona kosa la ndugu ninayempenda, na kosa lile wengine hawajaliona bado, upendo unanitaka nifanye nini? Nifunike ao nifunue?"

Swali hili si jepesi. Wanaosema "funika" wanayo Barua ya kwanza ya Petro, sura ya 4, pale mtume anapofundisha juu ya upendo na wingi wa dhambi. Wanaosema "funua" wanaye nabii Ezekieli, sura ya 33, pale mlinzi anayeona hatari inakuja na hapigi tarumbeta anadaiwa damu ya wale waliokufa. Je, Maandiko yanapigana yenyewe kwa yenyewe? Sisi tuliokabidhiwa ukurasa huu tulilizunguka jambo hili majuma mengi. Mwishowe mwanga ulitujia kwa mzee mmoja wa parokia yetu, papa mstaafu aliyetumika miaka mingi katika timu ya kukagua madaraja ya reli. Basi tumfuate kwanza kazini kwake, kisha tutarudi kwa swali la mama.

NYUNDO INASIKIA KILE JICHO HALIONI

Sisi wa Katanga tumekomaa pembeni ya reli. Ilifika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910 ikitoka upande wa kusini. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 iliunganishwa mpaka Port-Francqui, ambako leo ni Ilebo. Kila mahali reli ilipokutana na mto ao bonde, ilidai daraja. Pale Bukama na pale Kongolo gari la moshi linavuka Lualaba, na kila msafiri anasimama dirishani kuangalia maji. Lakini kuna madaraja madogo mengi ambayo msafiri anayapita akiwa usingizini, na hata jina lake hajui.

Timu ya ukaguzi inayajua yote. Inatembea kwa miguu, na shefu wa timu anabeba daftari. Wengine wanabeba nyundo, burashi za waya, ngazi, taa, na kamba yenye uzito mwishoni. Wanaingia chini ya daraja, mahali ambapo hakuna mtu anayekwenda ila mvuvi na popo. Treni inapopita juu yao hawakimbii. Wanakaa kimya na kusikiliza.

Kijana mmoja wa kanisa alimwuliza mzee wetu: "Papa, chuma ni kigumu vile, mnakigonga cha nini?"

Mzee akamjibu: "Mwanangu, jicho linaona rangi. Nyundo inasikia kile kilicho chini ya rangi."

Kisha akatueleza. Madaraja mengi ya zamani yalifungwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma iliyopigwa ikiwa ya moto ili kubana bamba mbili. Ribiti nzima na ribiti iliyolegea zinafanana usoni. Fundi anaweka kidole upande mmoja wa kichwa cha ribiti na kuigonga kwa upande mwingine. Kama imelegea, kidole kinasikia mtikisiko, na sauti yake si ya kengele bali ni ya debe. Mara nyingine ribiti iliyolegea inajishitaki yenyewe: chini ya kichwa chake unaona mstari mwekundu wa kutu, kama chozi.

Kwa nguzo za mawe wanafanya vingine. Wakiona ufa, hawapigi kelele mara moja kwamba daraja linaanguka, wala hawapiti kando. Wanaweka kipande cha plasta juu ya ufa, kikishika pande zote mbili, na wanaandika tarehe juu yake. Wakirudi baada ya miezi na plasta ni nzima, ufa umelala. Plasta ikipasuka, ufa unatembea. Na sasa sikieni, wapendwa: kwa Kifaransa mafundi wanakiita kipande hicho témoin, maana yake shahidi. Ni kipande dogo cha plasta, hakina akili wala cheo, lakini hakiwezi kusema uongo. Kikivutwa, kinapasuka.

Kamba yenye uzito ni ya kupima maji. Wakati wa mvua, mto unaokwenda kwa nguvu unachimba udongo kwenye mguu wa nguzo. Juu, daraja linaonekana zima, limenyooka, watu wanapita. Chini, nguzo inakaa juu ya shimo. Mzee wetu alisema kwamba hili ndilo jambo lililomnyima usingizi kuliko yote, kwa sababu uharibifu huu unafanyika ndani ya maji machafu, na maji yakipungua mchanga unaweza kurudi na kujaza shimo, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tena alitufundisha jambo la usawa. Si kila mtikisiko ni ugonjwa. Chuma kinarefuka kwa jua: mhimili wa mita 30, ukiongezeka moto kwa nyuzi 30, unarefuka karibu sentimita 1. Kwa hiyo wajenzi wanauacha mwisho mmoja wa mhimili uteleze kidogo juu ya nguzo. Daraja linalokatazwa kutembea ndilo linalopasua nguzo zake. Mkaguzi mjinga anaogopa kila sauti, na mkaguzi mwenye hekima anajua sauti ya afya na sauti ya ugonjwa. Akisha kujua, anaandika mambo matatu: ni kitu gani, ni wapi hasa, na ni kiasi gani. Haandiki "daraja ni baya." Anaandika ni mhimili wa ngapi, upande gani, na urefu wa ufa kwa milimita. Kutokana na hayo wakubwa wanaamua: kutengeneza kwa zamu ya kawaida, ao treni kupita polepole, ao kufunga njia kabisa.

DARAJA LILILOPAKWA NTA

Ili tuone kile kinachotokea mahali ambapo kazi hii inafanywa nusu, tuchukue mfano ulio wazi kwa ulimwengu wote. Ulitokea mbali nasi, katika Scotland, kwenye mto Tay karibu na mji wa Dundee. Daraja la reli lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3 lilifunguliwa huko mwaka 1878. Malkia Victoria mwenyewe alipita juu yake mwaka 1879, na mjenzi wake, Thomas Bouch, akapewa cheo cha heshima. Usiku wa Jumapili tarehe 28 Desemba mwaka ule ule, wakati wa dhoruba kubwa, sehemu ya katikati iliyoinuka juu ilianguka mtoni pamoja na treni. Hakuna hata mmoja aliyetoka mzima. Zamani walihesabu watu 75. Majina yanayojulikana ni 59.

Baraza la uchunguzi liliona makosa katika uchoraji, katika ujenzi na katika utunzaji. Mjenzi hakuwa ameweka hesabu ya kutosha ya nguvu ya upepo. Lakini tunataka kuwaonyesha mambo mawili madogo.

La kwanza: nguzo za chuma zilimiminwa katika karakana, na nyingine zilitoka na matundu. Wafanyakazi walichanganya nta ya nyuki, ulimbo, unga wa chuma na masizi, wakaziba matundu yale, wakasugua mpaka yang'ae. Ukiangalia, unaona chuma. Ukikwangua, unaona nta.

La pili: mkaguzi wa daraja, jina lake Henry Noble, alikuwa mtu mwenye bidii. Lakini ujuzi wake ulikuwa wa kazi ya matofali, na chuma hakukifahamu vizuri. Alipoona nyufa katika nguzo alimwarifu mjenzi, nazo zikafungwa kwa mikanda ya chuma. Kisha, treni zilipopita, alisikia vyuma vya kukaza vikigongana. Viungo vilikuwa vimelegea. Alitafuta vipande vya chuma, akavipigilia ndani ya viungo, sauti ikanyamaza. Jambo hili hakumwarifu mjenzi. Alifikiri amelimaliza.

Wapendwa, tusimhukumu upesi. Hakuiba kitu, hakulala kazini, hakutaka mtu afe. Aliona kasoro, akaisikia, akainyamazisha. Wenyeji wa Kiswahili wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini kuna kuziba na kuziba. Yeye aliziba sauti, na ugonjwa ukabaki ndani. Sauti ile ndiyo ilikuwa shahidi, na shahidi akafungwa mdomo.

MANABII WA CHOKAA

Kanisa letu ni kanisa lililozaliwa kwa unabii. Kwa hiyo neno hili linatugusa kuliko wengine. Watu wengi wanafikiri nabii ni yule anayejua kesho. Lakini someni Ezekieli sura ya 13. Hapo Mungu anakasirikia manabii, na kosa lao ni nini? Watu walijenga ukuta dhaifu, na manabii wakaupaka chokaa. Waliwatangazia watu amani mahali ambapo amani haikuwepo. Mungu anasema mvua itakuja, na upepo, na ukuta utaanguka, na watu watauliza chokaa iko wapi. Kati ya ukuta ule na nguzo za mto Tay kuna tofauti gani? Pale ilikuwa chokaa, hapa nta.

Basi nabii wa kweli anafanya kazi ya mkaguzi. Mkaguzi hatuambii daraja litaanguka siku gani. Anatuambia kile kilichopo leo, chini, mahali ambapo hatupendi kuingia.

Lakini kuna manabii wa uongo wa namna mbili, na lazima tuwataje wote wawili. Wa kwanza ni huyo mpaka chokaa, ambaye hataki kuona ufa uliopo. Wa pili ni yule anayetangaza ufa usiokuwepo. Katika miji yetu tumewaona watu wanaojiita manabii wakimnyoshea kidole mtoto mdogo na kusema: huyu ndiye ndoki, huyu ndiye anayewala. Mtoto anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa, analala sokoni. Tunauliza: nyundo yao ilisikia nini? Daftari lao liliandika kipimo gani? Shahidi wao ni nani? Hakuna. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi na inaweka azabu. Hata kama sheria ile isingekuwepo, mkaguzi wa daraja peke yake angetosha kuwahukumu, kwa sababu yeye haruhusiwi kufunga njia kwa ndoto. Anaonyesha ufa kwa kidole, na mwingine anaweza kupanda ngazi ile ile, akauona.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Tusiseme juu ya wengine tu. Baadhi yetu tunaoandika tunalo jambo la kuungama, na tunaliandika kwa sababu swali la mama lilitukumbusha.

Tulikuwa wanamemba wa likelemba moja ya mtaa. Likelemba ile ilikuwa na sanduku la msiba: kila mwezi kila nyumba inatoa kidogo, na mtu akifiwa, sanduku linamsimamia kwa jeneza na kwa chakula cha matanga. Mtunza sanduku alikuwa rafiki yetu, mtu mwema, mtu wa sala. Sisi wawili tulichaguliwa kukagua daftari.

Mwezi mmoja hesabu haikulingana. Kilichokosekana kilikuwa kidogo, bei ya mfuko mmoja wa unga wa mahindi. Tulimwuliza. Akalia. Mtoto wake alikuwa na homa, akachukua franka za dawa, na alikuwa na nia ya kurudisha. Tulimwamini, na mpaka leo tunaamini ya kwamba alisema kweli. Tukaambiana: upendo unafunika. Tukaandika "sawa" chini ya ukurasa na kutia sahihi zetu.

Mwezi uliofuata hakurudisha. Aliona haya kutuambia, na sisi tuliona haya kumwuliza, maana sahihi zetu zilikuwa pale. Tukaandika "sawa" tena. Hivyo miezi saba. Kutu chini ya rangi haisimami, wapendwa. Maji yanaingia polepole, chuma kinavimba, bamba zinaachana, na usoni rangi bado inang'aa.

Halafu katika majira ya mvua mama mmoja wa mtaa alifiwa na mume wake. Alikuwa ametoa kila mwezi bila kukosa, yeye aliyeuza mkaa barabarani. Siku ile tulipofungua sanduku, palikosekana bei ya mifuko kumi na moja. Maiti ilikaa siku mbili zaidi. Jeneza lilichukuliwa kwa deni, na deni lile mjane ndiye aliyelilipa kwa mkaa wake mpaka mwaka wa pili. Na rafiki yetu, yule tuliyesema tunamfunika, aliondoka usiku na jamaa yake yote, hakuaga mtu. Hatujui yuko wapi.

Tumefikiri juu yake mara nyingi. Kama tungesema mwezi wa kwanza, angedaiwa mfuko mmoja. Watu wangenung'unika jioni moja. Pengine wangesema, mtoto alikuwa mgonjwa, tumwachie. Tulimnyima nafasi ya kusamehewa wakati kosa lake lilikuwa bado dogo la kusameheka. Hatukumfunika yeye. Tulifunika sahihi zetu.

KUKWANGUA KWANZA, RANGI BAADAYE

Tulipomweleza mzee wetu jambo hili, hakutukemea. Alisema: "Wandugu, rangi si mbaya. Bila rangi daraja la chuma linakufa. Mimi nimepaka rangi maisha yangu yote. Lakini tulikuwa tunakwangua kwanza."

Na hapa, kwa mawazo yetu, ndipo jibu la mama lilipo. Timu ikikuta kutu, inachukua burashi ya waya na nyundo ndogo, inakwangua mpaka chuma safi kionekane. Kazi hii ni ya kelele na vumbi, na chuma kilichokwanguliwa kinaonekana kibaya kuliko mwanzo. Mpita njia anaweza kusema wanaharibu daraja. Kisha wanapima unene uliobaki. Kama hautoshi, wanaongeza bamba. Mwishoni kabisa wanapaka rangi, na rangi ile sasa ni kinga. Inashika, kwa sababu imekaa juu ya kweli.

Kwa hiyo Petro na Ezekieli hawapigani. Wanasema juu ya saa mbili za kazi moja. Ezekieli anasema juu ya saa ya kukwangua, Petro anasema juu ya saa ya rangi. Dhambi iliyosemwa, ikaungamwa, ikatengenezwa, upendo unaifunika, na baada ya hapo haifai mtu kuikwangua tena ili afurahie kutu ya zamani. Yule anayefukua kosa la ndugu yake lililokwisha kutengenezwa anavua chuma kinga yake ili kioze upya. Huyo naye ni mharibu wa daraja. Lakini yule anayefunika kabla ya kukwangua anafunga ugonjwa ndani ya nyumba.

Na kukwangua kuna utaratibu wake. Katika Injili ya Matayo, sura ya 18, Bwana wetu anaonyesha njia: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha pamoja na mmoja ao wawili, kisha kanisa. Ni sawa na ngazi ya mkaguzi: matengenezo, kupunguza mwendo, kufunga njia. Mtu asifunge njia kwa sababu ya ribiti moja. Lakini pia mtu asibaki kwa ribiti moja wakati nguzo inachimbwa. Tena masengenyo si ukaguzi. Msengenyaji anasema "daraja ni baya" sokoni kwa watu ambao hawana ufunguo wala bamba. Mkaguzi anasema ni kitu gani, ni wapi, ni kiasi gani, kwa yule anayeweza kutengeneza. Sisi wawili tulipaswa kumwambia rafiki yetu hivi: "Ndugu, ni mfuko mmoja wa unga. Mkutano ni Jumapili. Sema wewe mwenyewe, na sisi tutasimama pembeni yako."

KAMA HAWASIKII

Kijana yule alimwuliza mzee swali la mwisho, na lilikuwa zito: "Papa, mkiandika katika daftari, na wakubwa wakaweka daftari kabatini, damu iko juu ya nani?"

Mzee alinyamaza kidogo. Akasema: "Mwaka wa kwanza naandika. Mwaka wa pili naandika tena, na ninaonyesha ufa umeongezeka kiasi gani. Mwaka wa tatu naomba shefu avae buti, aje tuingie chini pamoja. Sijachoka kuandika."

Tunaona hekima kubwa hapa. Ezekieli anasema mlinzi aliyepiga tarumbeta ameokoa nafsi yake. Lakini mtu anaweza kulishika neno hilo vibaya, akapiga tarumbeta mara moja, taratibu, ili tu aseme alipiga, kisha akalala. Kumbukeni ni nani wanaopita juu ya daraja. Mnajua Machi 2022, huko Buyofwe katika Lualaba, treni ya mizigo ilitoka njiani na kuanguka bondeni, wakafa watu zaidi ya 60. Ilikuwa treni ya mizigo, lakini ndani yake walikuwemo watu, kwa maana mahali pengi hakuna gari jingine la kuwachukua. Ni kwa ajili yao mkaguzi anaandika. Wao hawatamjua kamwe, na yeye hawajui.

Kuna jambo jingine la kumvunja moyo. Mkaguzi akisema, na wakubwa wakisikia, na treni zikipita polepole, na daraja likatengenezwa, ni nini kinachotokea? Hakuna kinachotokea. Halafu watu wanasema: "Mlituogopesha bure, mlituchelewesha bure, mbona daraja limesimama?" Ni kisa cha Yona. Alitangaza maangamizi ya Ninawi, watu wakasikia wakatubu, mji haukuanguka, na nabii akakaa nje ya mji na hasira, kana kwamba amekuwa mwongo. Hakufahamu ya kwamba unabii wa onyo unatimia vizuri zaidi pale ambapo hautimii. Daraja kubaki limesimama ndiyo mshahara wa mkaguzi.

Sisi tunaijua bei ya kusema. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha. Alifungwa mbali na kwao, hapa Elisabethville, na hapa alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Mbele ya mfano huo, sisi tuliogopa kuona haya jioni moja katika mkutano wa likelemba.

TUMALIZIE

Kanisa letu linatufundisha maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala, maana yake Upendo, Amri na Kazi. Wengine wanayatenga, wanachukua Upendo na kuacha Amri, ao wanashika Amri na kusahau Upendo. Chini ya daraja hayatengani. Kwa kuwa anawapenda wanaopita, mkaguzi anakwangua. Amri inamkataza kuandika "sawa" pasipo sawa. Na Kazi ni ngazi, vumbi, na maji mpaka magotini.

Tunaomba kila jamaa na kila kikundi wajiulize maswali haya kabla ya mwezi kwisha:

1. Ni wapi tumeandika "sawa" na tunajua si sawa?

2. Je, kuna kosa la ndugu lililokwisha kutengenezwa, ambalo sisi bado tunalikwangua?

3. Mtu akituletea ufa wa kweli wenye kipimo, tunamshukuru, ao tunamwita mwenye chuki?

4. Je, kwetu kuna mtoto ao mzee anayeshitakiwa bila shahidi? Ni nani atakayesimama pembeni yake?

Mama aliyeuliza, tunakushukuru. Na mama mjane wa mkaa, kama ukurasa huu unakufikia, sisi wawili tunajua ya kwamba tunadaiwa. Tumeanza kuleta, na tutaleta mpaka hesabu ilingane. Wewe rafiki yetu popote ulipo, ni mifuko kumi na moja tu. Rudi. Tutasema pamoja, sahihi zetu ziko kwenye ukurasa ule ule.

Bwana awape wote wanaotembea chini ya madaraja macho na masikio mazima, na awarudishe nyumbani kila jioni. Amina.